Je, kuna kanuni ya kukokotoa upana wa maandishi kwenye kioo cha simu, au ni lazima kupima kila mara?

#1 MzabibuWaMpunguzi
Wakuu, habari za jioni. Ninatengeneza programu ya simu kwa Flutter, zana ya kuandikia programu za Android na iPhone, kwa ajili ya kikundi cha wakulima wa zabibu huku Mpunguzi, barabara ya Iringa. Mkulima akishapeleka mzigo, programu humwonyesha kilo alizopeleka na fedha anazodai. Wiki iliyopita mama mmoja aliyekuwa amekaa juu ya kreti tupu alinyoosha mkono uliokuwa na simu, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hapa mmenilipa laki moja na ishirini na tano?" Malipo yake halisi yalikuwa 1,250,000. Kioo chake kilikuwa kimeandika 1,250,00. Sifuri ya mwisho ilikuwa imemezwa na ukingo wa kisanduku bila nukta tatu wala alama yoyote ya kumjulisha kwamba kuna kitu kimekatwa. Nilijisikia vibaya kiasi cha kushindwa kumjibu mara moja.

Nilikuwa nimetumia kanuni niliyofundishwa na rafiki: idadi ya alama mara ukubwa wa fonti mara 0.5. Alama 9, fonti ya 20, jibu ni 90, kwa hiyo nikaweka kisanduku cha upana wa 96 nikiamini kuwa nimeacha nafasi ya kutosha. Ninaomba kujua kama kanuni hiyo ina kosa, au kosa liko kwingine.

#2 FundiKisasa
Mkuu, kabla ya kuilaumu kanuni, nenda kwenye mipangilio ya simu ya huyo mama uangalie ukubwa wa maandishi. Kwenye Android vipimo ni viwili, na watu wengi huvichanganya. Kuna dp, ambayo hufuata msongamano wa nukta za kioo (pikseli) peke yake: dp 1 ni nukta 1 kwenye kioo cha nukta 160 kwa inchi, na ni nukta 2 kwenye kioo cha nukta 320. Kisha kuna sp, ambayo hufanya kazi hiyohiyo lakini huongeza juu yake chaguo la mtumiaji kuhusu ukubwa wa maandishi. Kisanduku chako kilipimwa kwa dp na hakiongezeki, ilhali maandishi yaliyomo yalipimwa kwa sp na yanaongezeka. Flutter nayo hukuza maandishi kwa namna hiyohiyo, hata kama huoni herufi hizo mbili kwenye msimbo wako.

#3 AlizetiSingida
Naongeza alilosahau Fundi. Tangu Android 7.0 kuna chaguo jingine la ukubwa wa vitu vyote kiooni, si maandishi peke yake, na mtumiaji akiligusa, upana wa kioo kwa kipimo cha dp hupungua ingawa kioo ni kilekile. Mimi naona hilo ndilo lililomkuta mama.

Msidhani pia kwamba simu husema kweli kuhusu kioo chake. Nilichukua simu ya bei nafuu ya inchi 6.5 yenye nukta 720 kwa 1600, nikachora mraba wa dp 160 na kuuwekea rula ya shule juu ya kioo. Kwa maelezo ya #2 mraba huo ulipaswa kuwa inchi moja, yaani sentimita 2.54. Rula ilisoma sentimita 3 kamili. Simu inadai ina nukta 320 kwa inchi, wakati ukikokotoa kutoka kwenye mshazari wake unapata kama 270.

#4 BintiManyoni
Kanuni ya 0.5 iachwe kabisa, wala isirekebishwe. Andikeni neno "kijiji" na neno "mwamba" kwa fonti moja na ukubwa mmoja. Yote mawili yana herufi sita, lakini kwa fonti ya Roboto, ile ya kawaida ya Android, upana wa "mwamba" unazidi mara mbili upana wa "kijiji", kwa sababu m na w hula nafasi kubwa wakati i na j ni vijiti tu. Lugha yetu imejaa pande zote mbili: chukueni neno "umwagiliaji", nusu yake ya kwanza ni mapana na nusu ya pili ni membamba. Hata ukiwa na jedwali la upana wa kila herufi moja moja bado jumla haitakuwa sahihi, kwa kuwa fonti huwa na maagizo ya kusogeza herufi zinazokaribiana, kama T kubwa inapofuatwa na a. Kinachopimwa ni mfuatano mzima wa herufi jinsi utakavyochorwa.

#5 MzabibuWaMpunguzi
Asanteni. Dada @BintiManyoni, hoja yako imenigusa, lakini kwenye kisanduku changu hakuna herufi, kuna tarakimu na mkato tu. Je, tarakimu nazo hutofautiana upana?

Leo nimepita tena kwa mama. Ukubwa wa maandishi ameuvuta hadi mwisho, alama ya juu kabisa kwenye simu yake, ambayo ni Android 12. Ukubwa wa vitu, alioutaja @AlizetiSingida, haujaguswa.

#6 FundiKisasa
Basi tuhesabu. Kwenye Roboto tarakimu zote zina upana sawa, kiasi cha 0.56 ya ukubwa wa fonti, na mkato ni kama 0.2. Tarakimu 7 kwa fonti ya 20 ni kama 78.6, mikato miwili ni kama 8, jumla ni karibu 87. Kisanduku cha 96 kinatosha, ndiyo maana kwenye simu yako uliona kila kitu kiko sawa. Sasa zidisha kwa 1.3, ambacho ndicho kikomo cha juu kwenye simu nyingi: unapata kama 113. Zinakosekana dp 17 hivi, na tarakimu moja kwa ukubwa huo ina upana wa dp 14.6. Sifuri moja nzima imetoka nje na kipande kidogo cha ile inayoitangulia. Kile alichokiona mama kinaelezeka chote kwa hesabu hii, na @AlizetiSingida rula yake anaweza kuirudisha shuleni.

#7 AlizetiSingida
Rula naibakiza, kwa sababu siku utakapokuja Singida itatumika kupima urefu wa paja la kuku nitakayekuchinjia. Nakubali kwa simu ya huyo mama, lakini kwa simu nyingine hoja yangu iko palepale.

#8 MpimajiIhumwa
@FundiKisasa, hesabu yako ni sahihi kwa simu hiyo, lakini mambo mawili katika #6 yanahitaji kurekebishwa kabla watu hawajayanakili. Kwanza, kikomo cha asilimia 130 ni cha zamani. Kuanzia Android 14, iliyotoka mwaka 2023, mtumiaji anaweza kukuza hadi asilimia 200. Pili, na hili ndilo kubwa, ukuzaji huo mpya haufuati mstari ulionyooka: maandishi madogo hukuzwa kwa uwiano mkubwa kuliko maandishi ambayo tayari ni makubwa, ili kichwa cha habari kisijaze kioo kizima. Kwa hiyo fonti ya 20 haifiki 40 hata mtumiaji akichagua asilimia 200, na yeyote anayezidisha mwenyewe kwa uwiano mmoja atapata jibu lisilo sahihi. Iulizeni simu ibadilishe sp kuwa nukta, msiifanyie kazi hiyo. Kwa sababu hiyohiyo Flutter, kufikia toleo la 3.16, waliacha textScaleFactor, iliyokuwa namba moja tu, wakaleta textScaler inayoweza kukokotoa kila ukubwa kivyake.

Kuhusu swali la #5: kwenye Roboto tarakimu zinalingana, lakini kwenye fonti ya kawaida ya iPhone moja ni nyembamba kuliko nane, hadi uombe tarakimu zenye upana sawa. Programu yako ikihamia huko, mkulima wa 1,111,111 na mkulima wa 888,888 watakushangaza.

#9 MzabibuWaMpunguzi
Mkuu @MpimajiIhumwa, nimeifuata njia ya kupima. Nimeondoa kanuni, nimetumia TextPainter, chombo cha Flutter cha kupanga na kuchora maandishi, nikaiita amri yake ya layout, nikasoma upana. Kwenye simu ya mama imenipa 87 ileile, na sifuri bado imekatwa. Sasa sielewi kipimo hiki kinapima nini.

#10 MpimajiIhumwa
Kinapima maandishi mengine, yasiyo yale yanayochorwa. TextPainter usipoipa textScaler huchukulia kwamba mtumiaji hajakuza chochote. Zaidi ya hapo, maandishi ya kawaida kwenye ukurasa hurithi mtindo wa mahali yalipowekwa: jina la fonti, uzito wa herufi, nafasi kati ya herufi. TextPainter haijui iko wapi na hairithi kitu. Chukua mtindo kamili wa mahali hapo, chukua textScaler ya hapohapo, uipe TextPainter vyote viwili, kisha pima. Kwenye Android ya kawaida kosa hili linafanana na lile la kuunda Paint mpya (kalamu ya kuchorea) na kuita measureText (amri ya kupima upana), wakati lebo yenyewe inachorwa na Paint nyingine yenye herufi nzito.

#11 MpangaHerufi
Wanangu, nimesoma uzi huu kwa furaha kubwa. Kabla sijastaafu nilifanya kazi kiwanda cha uchapaji hapa Dodoma, nikipanga herufi za risasi kwa mkono. Mnazungumzia "fonti ya 20" kana kwamba 20 ni kimo cha herufi. Kwetu namba hiyo ilikuwa kimo cha kipande cha risasi kilichobeba herufi, na juu na chini ya herufi kulikuwa na risasi tupu ya kuacha nafasi ya mkia wa g na shingo ya b. Aina mbili za herufi zenye namba moja ziliweza kutofautiana machoni kiasi cha mteja kudai tumemdanganya.

Tulikuwa na kijaluba cha chuma tulichokishika kwa mkono wa kushoto, kimefungwa kwenye upana wa safu ya ukurasa. Ulipanga neno, ukasukuma kwa kidole gumba, na kama neno halikuingia, halikuingia. Hukuweza kulikata sifuri. Uliliteremsha kwenye mstari unaofuata na mstari wa juu ukaujaza vipande vya nafasi. Upana tuliupima kwa herufi zenyewe, mkononi, si kwa kuhesabu.

#12 BintiManyoni
Shikamoo Mzee. Hicho ulichokieleza ndicho kinachonisumbua kwenye kimo. Nilikuwa na kitufe cha dp 36 chenye maandishi ya 16, na nilipobadilisha fonti bila kugusa ukubwa, mikia ya g na y katika "Funga" na "Futa yote" ilikatwa kwa chini. Fonti hujiwekea zenyewe nafasi ya juu na ya chini ya mstari, na Android huongeza akiba nyingine juu ya hapo usipoizima.

#13 MpangaHerufi
Marahaba, binti. Risasi tupu imerudi kwa jina jipya.

#14 DadaWaMakole
Nimewasoma wote na ninathamini hesabu zenu, ila naona mnatafuta dawa ya ugonjwa ambao haukupaswa kuwepo. Kazi yangu ni kuchora violesura. Kwa nini fedha ya mkulima iliwekwa kwenye kisanduku chenye upana uliofungwa, pembeni mwa kilo? Weka neno "Malipo" juu kwa herufi ndogo, na chini yake weka kiasi kwenye mstari wake peke yake, upana wote wa kioo. Kioo kingi cha bei nafuu kina dp 360. Toa ukingo wa 16 kila upande, unabaki na 328. Hata tukichukulia fonti ya 20 imekuwa 40, jambo ambalo @MpimajiIhumwa amesema halitatokea, 1,250,000 itachukua kama 173. Nafasi inabaki na hakuna aliyepima kitu. Kitufe nacho kipewe kimo cha chini kabisa, dp 48, kisha kiachwe kirefuke chenyewe maandishi yanaporefuka.

Hili linatuhusu sana sisi tunaoandika kwa Kiswahili, kwa sababu violesura vingi huchorwa kwanza kwa Kiingereza halafu maneno yetu yanasukumwa humo. Neno la herufi saba, "Confirm", linakuja kuwa "Thibitisha", herufi kumi. Mtu anaongeza "malipo" na kitufe kinaonyesha "Thibitisha m…". Kisha mfasiri anaambiwa afupishe, na mkulima anapewa neno ambalo halisemi kinachofanyika akibonyeza.

#15 FundiKisasa
Dada, kwa nini asitumie FittedBox, maandishi yakizidi yapunguzwe yenyewe hadi yaingie? Ni mstari mmoja wa msimbo.

#16 DadaWaMakole
Kwa sababu mama amekuza maandishi ili aone. Ukiyarudisha madogo umempokonya macho aliyojipatia mwenyewe kwenye mipangilio, na hutajua, kwa kuwa hakuna kitakachoonekana kukatwa. Miongozo ya WCAG, ile ya kimataifa ya kuwawezesha watu wote kutumia kurasa za mtandao, inataka maandishi yakuzwe hadi asilimia 200 bila kupoteza maudhui wala matumizi. Kufunga kikomo cha ukuzaji ndani ya programu ni kosa la ukoo huohuo.

#17 MpimajiIhumwa
Ninakubaliana na #14 kwa kurasa za kawaida. Siafiki kwamba kupima hakuhitajiki kamwe. Mzabibu atakapochora grafu ya bei za zabibu kwa wiki, maandishi ya kwenye mhimili yanachorwa moja kwa moja juu ya turubai na hakuna mpangilio utakaoyasogeza. Bila kupima, "Februari" itapanda juu ya "Machi". Vivyo hivyo kujua kama maelezo yamezidi mistari mitatu ili uonyeshe "Soma zaidi": lazima upange mistari kwanza, kwa StaticLayout ya Android au TextPainter ya Flutter, ndipo uamue.

#18 KijanaWaUdom
Nawasalimu nyote. Mimi ninatengeneza kwa ajili ya iPhone, na kisa changu kinaweza kumsaidia mtu. Kipimo cha boundingRect, kilichochukua nafasi ya sizeWithFont iliyoachwa tangu iOS 7, hurudisha upana wenye desimali. Nilipata 143.2, nikakata desimali, nikaweka lebo ya 143. Neno la mwisho la sentensi lilishuka mstari wa pili ambao haukuwa na nafasi, likapotea lote. Neno hilo lilikuwa "hapana". Tangu siku hiyo ninapandisha juu kila kipimo, wala sikatishi chini hata kwa sehemu ya kumi.

#19 AlizetiSingida
Na ritifaa je? Orodha yangu ya kata ilikuwa na Chang'ombe. Data moja imeandikwa kwa ritifaa iliyonyooka, nyingine kwa ile iliyopinda, na upana wake hautoshani. Nilipima moja nikachora nyingine. Tofauti ni ndogo, lakini @KijanaWaUdom ameonyesha kwamba ndogo inatosha.

#20 MzabibuWaMpunguzi
Wakuu, ninaleta mrejesho. Nimefuata @DadaWaMakole kwa ukurasa wa malipo, kiasi kimepata mstari wake. Orodha ya mizigo yote imebaki kuwa na safu mbili, na humo ninapima kwa textScaler na mtindo kamili kama alivyoelekeza @MpimajiIhumwa, nikipandisha juu kama alivyosema @KijanaWaUdom. Kwenye simu ya mama kipimo sasa kinasoma 113 na sifuri zote zipo. Nilimwomba asome, akaweka kidole chini ya kila tarakimu hadi mwisho, akasema, "Milioni moja, laki mbili na hamsini. Hiyo ndiyo yangu."

Hata hivyo kuna simu moja, ya kijana wake, ambayo bado inakata ukingo wa sifuri ya mwisho, mstari mwembamba kama unywele. Ukubwa wa maandishi ni wa kawaida.

#21 MpimajiIhumwa
Angalia kama amewasha herufi nzito kwenye mipangilio. Chaguo hilo lipo tangu Android 12, na Flutter huliheshimu inapochora maandishi ya kawaida, wakati TextPainter yako haina habari nalo.

#22 BintiManyoni
Mimi ningeshuku fonti. Kuna simu zinazomruhusu mwenye nayo kubadilisha fonti ya simu nzima, na vijana hupenda zile za mwandiko wa mkono. Herufi za mwandiko hutoka nje ya nafasi zilizohesabiwa: kipimo cha upana hukupa hatua ya kwenda herufi inayofuata, hakikupi wino unakofika. Wino una kipimo chake, getTextBounds, na vipimo hivi viwili si lazima vilingane. Ukifungasha fonti yako mwenyewe ndani ya programu, tatizo litaondoka.

#23 AlizetiSingida
Au ukubwa wa vitu vyote, niliousema tangu #3 na hakuna aliyenisikiliza. Upana wa safu ukigawanywa kwenye kioo kilichopungua dp, nafasi inakuwa haba hata kama kipimo cha maandishi ni sahihi.

#24 MzabibuWaMpunguzi
Asanteni, nitakagua yote matatu. Kijana yuko shambani hadi Jumamosi na simu anayo yeye. Nitakwenda na rula ya @AlizetiSingida, na nitaweka hapa picha za mipangilio yake ukurasa kwa ukurasa.